Muhuri wa kijiji peke yake hautoshi kutoza faini

Mhariri,

Kila mazao yanapokaribia kukomaa, magazeti yetu huandika habari za ng'ombe waliokamatwa mashambani na wafugaji waliotozwa faini kwenye ofisi za vijiji. Mabishano huwa juu ya kiasi: huyu anasema laki moja ni uonevu, yule anasema elfu ishirini ni mzaha kwa mtu mwenye ng'ombe mia. Swali la kwanza halielekei kuulizwa. Hiyo sheria ndogo inayotumika imeidhinishwa na nani, na lini? Si vijiji vichache vinavyotoza faini kwa kutumia karatasi ambayo bado ni rasimu.

Kifungu cha 163 cha Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, kinaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Viongozi wengi wanakijua kifungu hicho kwa moyo. Kinachofuata, cha 164, ndicho kinachosahaulika. Kinataka halmashauri ya kijiji iite mkutano mkuu wa kijiji ujadili mapendekezo, izingatie maoni ya wananchi, kisha ipeleke sheria hiyo halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Mpaka baraza la madiwani liseme ndiyo, kijiji hakina sheria, hata kama mkutano mkuu mzima ulinyoosha mikono na mwenyekiti akapiga muhuri.

Kwa mpangilio wa kazi, rasimu huanzia kwa wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambao ni kati ya 15 na 25, ikaenda mkutano mkuu unaowahusu wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, ikarudi kwa wajumbe kurekebishwa. Kutoka hapo hupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa ushauri, ndipo ifike kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Mwanasheria wa halmashauri huisoma, kamati ya kudumu huipitia, na mwisho hupelekwa barazani. Baraza la kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo rasimu iliyochelewa wiki moja tu kuingia kwenye makabrasha ya madiwani inasubiri robo nyingine nzima. Wakati huo mahindi yanaliwa, na mtendaji wa kijiji anashawishika kuanza kutoza.

Rasimu nyingi hukwama kwa sababu ya muhtasari. Mtendaji anaandika mstari mmoja: "Wananchi wote walikubali sheria ndogo." Mwanasheria hawezi kufanya lolote na mstari huo. Muhtasari unaofaa unataja tarehe na mahali, tangazo la mkutano lilibandikwa lini na wapi, waliohudhuria ni wangapi wanaume na wangapi wanawake, kila kifungu kilichosomwa, nani alipinga nini na kilibadilishwa vipi, halafu kura za ndiyo na za hapana kwa tarakimu. Orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatanishwe, na iwe ya mkutano huohuo. Orodha iliyotolewa kwenye mkutano wa mbolea ya ruzuku ikabandikwa nyuma ya muhtasari wa sheria ndogo hujulikana mara moja, kwa sababu juu yake pameandikwa "mbolea".

Tatizo jingine ni kunakili. Rasimu huombwa kijiji jirani au huachwa na mradi uliopita, jina la kijiji likabadilishwa kifungu cha kwanza, huku jedwali la mwisho likitaja bado mto na msitu wa watu wengine. Na adhabu nazo! Unakuta "atatoa mbuzi mmoja na debe la mahindi". Mbuzi hakatiwi stakabadhi wala hawekwi kwenye akaunti ya kijiji. Adhabu iandikwe kwa shilingi, isivuke ukomo uliowekwa na sheria mama, yaani ile iliyokipa kijiji uwezo wa kutunga, na ieleze wazi kama ni kwa kila mnyama au kwa kundi zima. Neno hilo likikosekana, ng'ombe arobaini wanazaa kesi mbili tofauti: mchungaji anahesabu kosa moja, mgambo anahesabu makosa arobaini.

Kugongana na sheria za nchi ni kosa gumu zaidi kuligundua kijijini. Chukueni mfano wa vyanzo vya maji. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kijiji kikiandika kwamba kulima kunaruhusiwa baada ya mita 30, kitakuwa kimewaahidi wakulima wake kitu kisichowezekana. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema sheria ndogo inayopingana na sheria iliyotungwa na Bunge ni batili kwa kiasi cha kupingana huko. Ndivyo ilivyo pia kwa kifungu kinachofukuza kabisa mifugo ya aina fulani ya watu kijijini. Mwanasheria makini atakikata.

Sasa tuje kwenye utekelezaji, ambako ndiko kelele ziliko. Faini na fidia ni vitu viwili. Faini ni adhabu ya kuvunja sheria ndogo na mapato yake ni ya kijiji. Fidia ni mali ya mwenye shamba. Ofisi nyingi huchanganya: mfugaji analipa "laki mbili za kesi", kijiji kinabaki nazo, na aliyeliwa mahindi anaambiwa arudi Jumatatu. Utaratibu unaofaa ni afisa ugani kwenda shambani siku hiyohiyo, kabla mashina hayajang'olewa wala mvua kufuta nyayo, akiwa na pande zote mbili. Apime eneo lililoharibiwa kwa hatua au kwa kamba, ataje zao na hatua ya ukuaji wake, ahesabu mashina katika mistari michache ya mfano, aandike makadirio, na wote watie sahihi. Wakipatana, mapatano yaandikwe. Wasipopatana, makadirio hayo ndiyo ushahidi.

Mtuhumiwa akikataa kosa, mwenyekiti wa kijiji si hakimu na mgambo hana mamlaka ya kupanga kiasi. Shauri liende mahakama ya mwanzo, na mtendaji aende na nakala ya sheria ndogo yenye muhuri wa halmashauri ya wilaya pamoja na kumbukumbu ya kikao cha baraza kilichoidhinisha. Bila hizo, utetezi unaweza kuimaliza kesi kabla ya shahidi wa kwanza. Fedha yoyote inayopokelewa ikatiwe stakabadhi, iingie benki, na isomwe kwenye taarifa ya mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu.

Sheria ndogo za halmashauri zenyewe, kwa mfano za usafi au ushuru wa masoko, njia yake ni ndefu zaidi: husainiwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali kwa namba ya Tangazo la Serikali. Mfanyabiashara anayo haki ya kuiuliza namba hiyo. Na palipo na kifungu cha kufifilisha kosa, yaani kulimaliza kwa malipo bila kwenda mahakamani, malipo ya papo hapo yanafaa tu kama mtuhumiwa amekiri kwa maandishi. Kumlipisha mama lishe kwanza, halafu kumpa fomu ya kukiri asaini, ni kugeuza utaratibu miguu juu.

Ombi langu ni kwa wakurugenzi. Fungueni rejista ya sheria ndogo za vijiji inayoonyesha rasimu ilipokelewa lini, iko mezani kwa nani na imeidhinishwa kikao gani, na nakala yake ibandikwe kila ofisi ya kata. Rasimu ikikataliwa, barua itaje ni kifungu gani kimekataliwa na kwa nini, ili mkutano mkuu unaofuata urekebishe kifungu hicho tu badala ya kuanza upya.

Mtendaji wa kata mstaafu,
Morogoro