Wanangu wa kamera, filta wachieni mnunuzi

Hamjambo vijana wangu, nyinyi wa KICC, wa Jeevanjee hapa Nairobi, na nyinyi wengine mnazunguka tao wikendi na simu tu. Nasikia mkilalamika ati saiti za stoki, zile za kuuzia picha kwa watu wa matangazo na magazeti, zinabagua Waafrika, mtu anatuma picha kibao zinarudi karibu zote. Basi nimekaa na wachache wenu nikaziangalia hizo picha zenyewe, na jameni, shida si Uafrika. Shida ni filta.

Chukua jakaranda, maana Oktoba ikifika ni hio tu mnapiga. Yale maua ni zambarau iliyopoa, asubuhi yanakaribia hata kijivu. Nyinyi mnaivuta rangi mpaka inaumiza macho, mnaongeza kontrasti, alafu mnapakia. Sasa ifungue kwa laptopu uzumu mpaka asilimia 100, kwa sababu mkaguzi ndio hivyo anaangalia, si kwa kiskrini cha simu kama shangazi yako: anga imekatika mistari mistari badala ya kufifia polepole, matawi yamezungukwa na ukingo mweupe ambao haukuwepo, na kwa vivuli ni chenga tupu. JPEG, ile faili ya kawaida ya picha, iko na ngazi 256 peke yake kwa kila rangi, ukizivuta sana zinaachana na hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Na hata ikipita, nani atanunua? Mtu wa stoki hatafuti picha ya kutundika sebuleni. Ni dizaina mahali, ako na broshua ya benki ama bango la bima, rangi za kampuni anazo tayari, anataka picha safi aipake yeye. Wewe ukishaipaka ile chungwa na bluu ya sinema umemfukuza. Mama wa githeri hamwagi pilipili kwa sufuria nzima, anaweka kando kila mtu ajiwekee.

Sijasema msiediti. Nyoosha picha kama imelala, rekebisha mwanga, shati jeupe lionekane jeupe, toa madoa ya vumbi la sensa ya kamera. Kama ni ya biashara, yaani ya matangazo, futa nembo, na hapo matatu zetu ni kazi bure, zimejaa nembo na nyuso za wacheza mpira, hizo peleka editoriali, yaani upande wa picha za habari. Na editoriali yenyewe ni kali zaidi, kufuta hata chupa iliyoanguka chini hauruhusiwi, ni kukata pembeni na kugusa mwanga kidogo basi.

Lakini kitu kinaniuma kabisa ni ngozi. Kuna mmoja wenu alinionyesha picha ya mama anachoma mahindi, picha poa sana, moshi umekaa vizuri, alafu ameipitisha kwa hizo app za urembo. Mikono imebaki vile Mungu aliiumba, ina majivu na kovu la moto, uso nao umekuwa mweupe, laini kama wa mtu mwingine. Kwani huyo mama alisaini fomu ya ruhusa kwa sura ya nani? Getty Images, hao nao ni wa stoki, walikataza tangu 1 Oktoba 2017 picha za kibiashara zenye mwili wa modo umekondeshwa ama kunenepeshwa, hio ilitokana na sheria ya Ufaransa. Kugusa ngozi wao waliruhusu. Mimi mzee wenu siruhusu. Mtu akitafuta picha ya mwanamke Mkenya anataka Mkenya, hao wengine wamejaa huko tayari.

Zilizorudi msizitupe. Rudini kwa orijino ile haijaguswa, muanze upya, muhifadhi kwa sRGB, ule mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini, na kwa saiti za Shutterstock na Adobe Stock isipungue megapikseli 4. Na usiikuze kwa nguvu ndio ifike hapo, wanaona. Wale mnafuta orijino ati simu imejaa, nendeni Luthuli mkanunue memori kadi wiki hii, hio sitaki hata kujadili.