Kabla hujatuma pesa ya stendi

Mikindani, Mtwara
9 Desemba

Ndugu yangu Selemani,

Habari za Lindi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mvua zimeanza, na malori ya korosho hayakatiki barabarani, yote yanawahi bandarini. Ndiyo maana nilifurahi uliponiandikia kwamba unataka kufanyia mazoezi ya baiskeli nyumbani, kwa stendi inayoishika baiskeli ukanyage bila kusogea. Tangu lori likusukume mchangani mwaka jana, kila nikikumbuka unatoka gizani na baiskeli moyo wangu hautulii.

Zile mashine kubwa ulizoziona, unazofungua gurudumu la nyuma na kupitisha mnyororo kwenye kaseti, yaani meno ya gia, ya mashine yenyewe, ni nzuri kweli. Hazina kelele, hazili tairi, zinapima wati, yaani nguvu unayokanyagia, na ukiziunganisha na programu ya mazoezi ya baiskeli kama Zwift, mlima ukifika kwenye simu pedali zinakuwa nzito zenyewe. Lakini nyingi zinataka umeme, na umeme wetu unaujua. Za roli tatu, unazoendesha juu yake bila kushikwa na kitu, ziache kabisa: zinataka ujisawazishe usianguke, na wewe unatoka zamu ya usiku umechoka.

Chukua stendi ya kubana gurudumu la nyuma, ile ya mafuta. Ndani yake mna panga linalozunguka kwenye mafuta mazito. Ukikanyaga taratibu ni jepesi, ukikaza linakuwa zito. Huichomeki kwenye umeme. Ya sumaku nayo inafaa, na bei yake ni nafuu.

Ila angalia ekseli, kile chuma cha katikati ya gurudumu, Selemani. Mimi nilinunua yangu Dar, iliyotumika, nikaifikisha hapa ndipo nikagundua baiskeli yangu ina nati na stendi imetengenezwa kushika komeo la mkono, lile la kufungulia gurudumu bila spana. Nikalazimisha. Siku ya tatu gurudumu lilichomoka nikiwa nimesimama kwenye pedali, nikaangukia kiwiko kwenye sakafu. Fundi alinibadilishia ekseli, akaweka ya tundu inayopitisha komeo, na haijatoka tena.

Tairi lako lina meno. Kwenye roli ya chuma ya stendi, ile inayokandamiza tairi, litanguruma kama mashine ya kusaga, na mtoto hatalala. Tafuta tairi lisilo na meno. Lijaze upepo uleule kila siku, kaza skrubu mpaka roli iguse tairi, kisha ongeza mizunguko miwili. Shika gurudumu ulivute kwa nguvu: likiteleza juu ya roli, ongeza nusu mzunguko.

Na stendi usiiweke chumbani. Hapo ulipo husogei, hakuna upepo wa kukupoza, na joto la mwezi huu unalijua. Weka barazani, upande unaopata upepo wa bahari, na feni mbele yako umeme ukiwepo. Tandika taulo juu ya usukani. Jasho ni chumvi: miezi miwili tu, nilipitisha kidole kwenye bolti za usukani wangu kikatoka na unga wa kutu.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, piga picha ekseli ya nyuma, kushoto na kulia, unitumie. Stendi ikifika nitapanda basi Jumamosi nije tuifunge pamoja. Nitakuja na kipande cha mninga cha kuweka chini ya gurudumu la mbele, maana nyuma ikiinuliwa unakaa kama unayeteremka mlima, na mikono inauma.

Wako,
Rashidi