Risala ya Klabu ya Historia ya Uchukuzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wageni waalikwa na wanachuo wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia maonyesho ya mwaka huu, ambayo tumeyatenga kwa jarida moja kongwe la Marekani, American Railroad Journal.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jarida hilo lilianzishwa na D. K. Minor jijini New York mwaka 1832, wakati reli za nchi hiyo zilikuwa bado vipande vifupi na wakazi wa jimbo la New York wakijivunia Mfereji wa Erie, njia ya maji ya kusafirishia mizigo iliyokamilika mwaka 1825. Minor aliandika habari za injini za mvuke na za njia zilizopendekezwa, wala hakuficha kwamba alikuwa mpiga debe wa reli. Kwa maoni yetu, huo ndio uliokuwa udhaifu wa jarida, kwa kuwa anayeinadi biashara huona taabu kuikagua.

Mwaka 1849 John Poor wa jimbo la Maine alilinunua, na nduguye, Henry Varnum Poor, akawa mhariri. Katika miaka kumi tu, kuanzia 1850 hadi 1860, mtandao wa reli ulikua kutoka takriban maili 9,000 hadi zaidi ya maili 30,000, na sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka Ulaya, kwa watu walionunua hisa na hati fungani (hati za mkopo) za kampuni ambazo hawakuwahi kuona hata taruma moja la reli zake. Henry Poor, ambaye naye aliipenda reli (tusimfanye malaika), alianza kuwadai wakurugenzi hesabu za mtaji, madeni, mapato na gharama za uendeshaji, kisha akazichapisha. Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika mwaka 1854, ilipogundulika kwamba Robert Schuyler, rais wa reli ya New York na New Haven, alikuwa ametoa hisa za kughushi zenye thamani ya karibu dola milioni 2.

Poor aliacha uhariri mwaka 1862, na mwaka 1868 yeye na mwanawe wakaanza kutoa kitabu cha kila mwaka cha takwimu za reli. Jina lake lilibaki katika kampuni ya takwimu za fedha na ukadiriaji wa mikopo ya Standard & Poor's, iliyotokana na muungano wa mwaka 1941, na ambayo tangu mwaka 2016 inatumia jina la S&P Global. Jarida lenyewe liliunganishwa na jingine la uhandisi mwaka 1887, chini ya Matthias Forney.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Maktaba yetu ina vitabu vya ufundi wa reli, lakini haina taarifa za hesabu za mwaka za mashirika ya uchukuzi. Tunakuomba utusaidie kuzipata, ili wanachama wajifunze kuzisoma na kuzichambua katika jarida letu la ukutani.

Tunaomba kuwasilisha.