Nimeliuza likiwa kwenye mifuko

Columbus, Ohio

Swahiba wangu,

Assalaam aleikum. Huku sisi ni wazima, na shemeji yako anakusalimu sana. Anasema ile doti ya kanga uliyomwahidi bado anaisubiri. Ama baada ya salamu, najua mdogo wangu ameshakufikishia habari nusunusu, kwa hiyo acha nikupe iliyo kamili kabla hujanipigia simu kunisuta. Ni kweli. Lile gari langu la Pontiac nimeliuza. Limeondoka Jumamosi juu ya trela, halina milango, halina boneti, kioo cha mbele kimeviringishiwa blanketi, na injini imefungwa mikanda juu ya paleti kama mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bombo.

Miaka minane, ndugu yangu. Nililinunua 2016 likiwa limekufa, na hata siku moja sikulisikia likinguruma.

Vijana wako hapo gereji watauliza kwa nini mtu mzima ahuzunike kwa mkweche wa mwaka 1968. Waeleze hivi. General Motors walikuwa na sheria yao ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani kama lita 5.4. Kule Pontiac, tawi lao mojawapo, mhandisi mkuu John DeLorean na wenzake wakaona tundu kwenye wavu. Hawakuomba kibali cha gari jipya. Kwa modeli ya 1964 walichukua gari lao la kawaida, Tempest LeMans, wakasema anayetaka aongeze dola zisizofika 300 apewe nyongeza inayoitwa GTO, na ndani ya nyongeza hiyo mlikuwa na injini ya inchi 389, lita 6.4! Jina lenyewe walilidokoa kwa Ferrari. Mwaka huo wa kwanza yakauzwa zaidi ya 32,000, na baada ya hapo nani tena angekataza? Kampuni nyingine zikafuata mkumbo, ndiyo haya wanayoyaita magari ya misuli: bodi ya wastani, bei ya kijana mwenye kazi, na injini ya kutisha wazazi.

Langu lilikuwa GTO la umbo jipya la 1968, injini inchi 400, lita 6.6. Ile Peugeot 504 tuliyojifunzia kazi ilikuwa na lita mbili tu. Ziunganishe injini zake tatu, bado hujafika. Na bampa lake la mbele halikuwa la kromu; lilikuwa la aina ya mpira mgumu uliopakwa rangi moja na bodi, hata kwenye tangazo la televisheni wakalipiga mtaimbo lisionyeshe alama. Halafu bima zikapanda, sheria za moshi zikaja, mwaka 1973 mafuta yakawa shida, na mwaka uliofuata GTO za enzi ile zikakoma. Pontiac yenyewe ilifungwa 2010. Kwa hiyo nilikuwa nimeshika jeneza la kampuni nzima pale uani kwa watu.

Sasa nikwambie lilikufaje mikononi mwangu.

Wewe wa Tanga unajua chumvi ya bahari inavyokula bati. Huku bahari hatuna, lakini majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na gari linaoga chumvi hiyo miezi minne kila mwaka. Nilipolinunua lilionekana zima. Paa lake lilikuwa na ngozi ya vinili, urembo wa wakati ule. Nikaibandua. Chini yake bati limekuwa kama mkate wa kumimina, matundu matupu. Nikafungua buti, nikachomoa zulia, nikaona lami ya chini. Bati za fenda za nyuma mtu alishazipiga puti nene ya vidole viwili na kupaka rangi juu. Rangi nzuri, Mungu amsamehe.

Hapo ndipo ningesimama nikakuuliza. Sikukuuliza. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili, nina spana mpya, na nina kiburi. Nikalifungua lote. Milango, fenda, dashi, viti, nyaya, injini, gia boksi, mpaka bodi ikatoka juu ya chasi. Kufungua ni raha, swahiba, hilo unalijua. Kila nati inayotoka unajiona unasonga mbele. Mzee wetu wa gereji alikuwa akitupigia kelele pale Ngamiani, “Usifungue leo usichoweza kukifunga leo!” na sisi tukidhani anaona uchungu wa spea.

Injini nilianza nayo vizuri. Utacheka: sili ya nyuma ya krenki shafti kiwandani waliweka kamba. Kamba kweli, ya kusokotwa, imelazwa kwenye mfereji. Ndiyo maana kila Pontiac ya zamani unayoikuta ina doa la oili chini yake. Na ile gia ya kamshafti wameivika meno ya nailoni ili isipige kelele. Miaka ikipita nailoni inakuwa kavu, inameguka, vipande vinashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Mimi nilivikuta vimejaa kiganja. Nikapeleka bloku ikachongwe silinda, nikanunua pistoni za ovasaizi, gia ya chuma, ringi, beringi, kila kitu. Injini ikafungwa ikakamilika, ikapakwa buluu yake. Nikaifunika nailoni, nikasema nikimaliza bodi nitaiweka.

Bodi sikuimaliza. Nilichomelea sakafu upande wa dereva na nusu ya buti. Kisha akazaliwa wa tatu, nikahamishiwa zamu ya usiku ghalani, na goti langu likaanza kunidai. Miaka miwili ya mwisho sikuligusa kabisa. Nilikuwa naingia, nawasha taa, natafuta jeki au pampu ya baiskeli ya mtoto, nazima taa. Na kila mwezi nalipia ile gereji ya kupanga dola 140. Piga hesabu: dola 3,360 kwa gari lililo juu ya mawe. Lile dogo ninalokwendea kazini halijawahi kunila kiasi hicho.

Shemeji yako hakusema neno. Siku moja tu aliniandikia kwenye karatasi ya soko, chini ya vitunguu na maziwa: “Pontiac”. Sijui alimaanisha ninunue au niuze. Nikatangaza.

Ukweli wa kuuza kitu cha namna hii uujue, maana na wewe una ile Land Rover nyuma ya choo. Gari bovu lililo zima, yaani mtu analiona lina umbo, linapata mnunuzi haraka. Gari lililofunguliwa, hata kama umelijazia spea mpya, watu wanaliogopa. Wanajua kuna kitu kimepotea, na hawajui ni kipi. Nilikuwa nimelinunua dola 6,500. Injini ilinila 4,300, mabati na kupiga mchanga chasi 2,100, breki na shokapu na mpira wa chini 1,600, na vikorokoro vidogo ambavyo risiti zake nilizificha mwenyewe, kama 2,500. Jumla 17,000. Nikaandika 14,000. Wiki ya tatu nikashusha hadi 11,500.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana mwenye haraka. Alitaka pua tu, lile bampa la mbele na taa zake za kujificha. Anatoa fedha taslimu. Nikaona ujanja wake na nikakiri ni hesabu nzuri: ukiuza kipande kipande, pua huyu, gia boksi yule, injini mwingine, unaweza kurudisha hata zaidi. Lakini mwisho unabaki na bodi yenye matundu ambayo hakuna anayeitaka, na GTO moja imepungua duniani kwa mkono wako. Nikamwambia hapana. Shemeji yako aliposikia akaingia ndani akafunga mlango, sikumlaumu.

Wa pili hakuja kabisa. Aliandika ujumbe mrefu, hajauliza kutu, hajauliza namba, anasema atatuma hundi ya benki iliyozidi bei, mimi nimpe msafirishaji wake chenji. Hundi kama hizo benki inakuja kugundua ni bandia baada ya wewe kushatoa fedha zako. Nikamjibu kwa Kiswahili. Hakurudi.

Wa tatu ni mzee mstaafu, alikuja na binti yake. Huyu hakutazama rangi. Aliinama kwanza kwenye kioo akasoma namba ya chasi pale kwenye dashi. Ikianza na 242 ni GTO halisi. Ikianza na 237 ni LeMans iliyovalishwa nembo, na hizo zimejaa mitaani. Nilikuwa nimeshaomba nakala za karatasi za kiwandani kutoka Pontiac Historic Services, nikampa asome lilitoka na nini. Akatandika boksi chini, akalala, akagongagonga chasi kwa bisibisi kutoka mbele hadi nyuma. Nusu saa. Binti anatetemeka kwa baridi. Nami nikamwonyesha pale nilipochomelea vibaya, kabla hajapaona mwenyewe. Sikutaka kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, nami niliuziwa hivyo hivyo.

Kisha akaja kwenye mifuko. Unakumbuka ulivyonifundisha, kila nati na mfuko wake, kila mfuko na jina, maana mali bila daftari huisha bila habari? Nilifuata, Wallahi. Mifuko 212, na daftari la kurasa mia. Mzee akauinua mmoja, akasoma, akaugeuza, akasoma tena. Akaniuliza hii ni lugha gani.

Nilikuwa nimeandika yote kwa Kiswahili. Na Kiswahili chenyewe cha gereji! “Bolti ndefu, fenda kushoto, ile inayokwama.” “Kidude cha chini ya kidude cha breki.” Mmoja umeandikwa “Sijui, ila ni muhimu.” Binti yake alicheka mpaka akaketi kwenye tairi. Mzee hakucheka. Alisema ananipa 9,200 kama nitampa na tafsiri.

Nikakubali. Najua utasema nimepoteza 7,800, ndiyo. Kwa usiku tatu baada ya zamu nilikaa mezani jikoni na mtoto mkubwa, mimi nasoma, yeye anaandika lebo za Kiingereza. Huyu mtoto hakuwahi kuingia ile gereji zaidi ya mara mbili. Usiku wa tatu alikuwa anajua tofauti ya gasketi ya manifoldi na ya kabureta, na kila baada ya lebo kumi ananiuliza, “Baba, hii inakaa wapi?” Na hapo gari limeshauzwa. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumchorea.

Ohio muuzaji hasaini kadi ya gari kienyeji. Lazima iwe mbele ya mthibitishaji. Tukaenda pamoja na mzee kaunta ya ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti, nikasaini, nikaandika kilomita, yaani maili, nikapewa fedha yangu, tukapeana mikono. Nusu saa haikufika.

Jana usiku amenipigia. Anashika mfuko namba 88, lebo imelowa, haisomeki. Nikamwuliza una washa tatu na springi moja fupi? Akasema ndiyo. Nikamwambia ni za mfuniko wa taa za kujificha, upande wa abiria, springi iangalie chini. Akanyamaza kidogo, nikasikia chuma kikiingia mahali pake.

Pipa la mizigo linaondoka mwezi ujao kwa meli ya Dar. Nimekuwekea ile spana ya kupimia mkazo, wembe za kupimia nafasi ya vali, na daftari lenyewe la Kiswahili, maana mzee amebaki na la tafsiri. Ukurasa wa 41 kuna mchoro wa kufunga sampu bila kuvuja, utakufaa kwa Land Rover. Niambie tu, hiyo injini yake umeshaifungua, au bado?

Wasalaam,
rafikiyo wa tangu bisibisi ya kwanza