Gamondi akiondoka, aje nani?

Isevya, Tabora
13 Novemba 2024

Kwako swahiba,

Salamu kwako, shemeji na watoto. Sisi huku wazima. Mvua zimeanza kwa kusuasua, wakulima wanatazama juu tu, na maembe ndiyo yanaanza kushuka bei. Mama anakusalimia sana, anasema unadaiwa ziara.

Sauti zako zote za WhatsApp nimezisikiliza. Nyingine nimezirudia, maana ulikuwa unafoka huku upepo wa Kibirizi unakumeza. Nimeona kukujibu kwa sauti haitatosha, mjadala wenyewe mrefu. Bahati nzuri kijana wa jirani yangu anakuja Kigoma na treni, basi nimempa barua hii pamoja na dumu dogo la asali. Najua mna asali yenu ya Kibondo. Onja hii kwanza, halafu ndiyo tubishane.

Sasa tuingie kwenye Yanga. Wewe mwenzangu umefungwa na timu ya mbali, umezima televisheni umekwenda kulala. Mimi nimefungwa na timu ya nyumbani kwangu. Tarehe 7 pale Chamazi, Tabora United tatu, Yanga moja, Offen Chikola katupia mbili, na mimi niko kibanda umiza katikati ya Tabora na jezi yangu ya kijani, sina pa kujificha. Mashabiki wote wa Simba, watani wetu, usiku ule waligeuka Nyuki wa Tabora, ndilo jina la utani la Tabora United. Watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa Ali Hassan Mwinyi timu ikicheza hapa hapa nyumbani, leo wanaimba jina la Tabora United mpaka sauti zinakauka.

Asubuhi yake kuna mzee mmoja, Simba wa damu, kaja dukani kwangu. Kasimama mlangoni, kakunja mikono kama mbawa, anavuma: vuuuuu. Namuuliza, "Shikamoo mzee, nikupe nini?" Anavuma tu. Akalizunguka gunia la mchele, akanidunga kidole begani, akatoka. Hakununua hata kiberiti.

Na kinachouma zaidi ni kwamba Tabora United mimi naipenda kweli. Tangu ilipopanda Ligi Kuu mwaka jana, ikiwa bado inaitwa Kitayosce, nimekuwa nalipa kiingilio changu. Ikimfunga mtu mwingine yeyote nafurahi. Ila siyo Yanga, na siyo tatu.

Haya, tuje kwenye hoja yako. Unasema kocha wetu Gamondi kibarua chake kimeota nyasi, imebaki kutangazwa tu, na kwamba suala sasa ni nani anakuja. Huku nako ni hivyo hivyo. Ligi imesimama kupisha Taifa Stars, watu hawana mechi ya kuangalia, kwa hiyo kazi imebaki moja: kuajiri kocha. Banda letu unalijua, lile la nyuma ya soko, lenye ubao ambao mwenye banda huandika ratiba kwa chaki. Wiki hii hana ratiba ya kuandika. Kijana mmoja wa bodaboda akaufuta ubao, akaandika juu kabisa KOCHA MPYA YANGA, na chini yake majina. Kila anayeingia anapiga kistari mbele ya mtu wake. Jina la kwanza Nabi, la pili Ibenge, la tatu wameandika MZAWA, na la nne, swahiba, siyo jina la mtu. Wameandika MZUNGU. Basi. Mzungu gani, anatoka wapi, amefundisha nini, hakuna anayejua, na ndiye anayeongoza kwa kura.

Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, kuna GAMONDI ABAKI. Hapo nilipiga kistari changu. Halafu nikagundua vistari vingine vyote mbele ya Gamondi vimepigwa na Simba. Ukiona kolo, yaani shabiki wa Simba, anakuunga mkono lazima ukague mifuko yako, lakini sitabadili msimamo kwa sababu yao.

Nianze na Nabi, aliyemtangulia Gamondi pale Yanga, maana najua ndiye wako. Heshima yake haina ubishi. Alikuja Aprili 2021 akaikuta timu inayumba, msimu uliofuata tukachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, uliofuata tukachukua tena, na juu yake akatufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ile ya USM Alger bado haijanitoka: kufungwa 2-1 kwa Mkapa, kwenda kushinda 1-0 Algiers, halafu kombe linaondoka kwa bao la ugenini. Sawa. Lakini Profesa Nabi yuko Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, na ameanza kazi msimu huu huu. Na wewe umesahau Julai? Tulikwenda Bloemfontein kucheza Toyota Cup, Nabi kakaa benchi lile, Gamondi benchi hili, tukampiga nne bila. Nne, ndugu yangu! Ulinipigia simu usiku ule unaimba. Sasa miezi minne baadaye unataka aliyepigwa nne aje kumrithi aliyempiga.

Ibenge. Huyu naye nakiri ni kocha wa kweli, na wewe ukisimama ufukweni hapo unatazama nchi yake. DRC ikiwa naye ilishika nafasi ya tatu AFCON ya 2015, ikatwaa CHAN ya 2016, na yeye mwenyewe akachukua Shirikisho na Berkane mwaka 2022. Ila tarehe 26 mwezi huu tunafungua makundi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Al Hilal ya Sudan. Kocha wa Al Hilal ni nani? Ni huyo huyo Ibenge! Al Hilal yake hiyo hiyo ndiyo iliyotutoa Oktoba 2022 tukaangukia Shirikisho. Nilipowakumbusha vijana bandani, mmoja akajibu bila haya kwamba ndiyo maana, tumchukue kabla hatujacheza naye. Nilikosa cha kusema.

Mzawa mimi sina neno naye. Wanamtaja Mkwasa, wengine wanasema aje yeyote ilimradi Mtanzania, na wanatoa mfano wa Juma Mgunda, kwamba Simba walipokimbiwa na kocha wao Zoran mwaka 2022 yeye ndiye aliyeibeba timu hadi makundi. Kweli kabisa. Halafu alifanywaje? Alirudishwa nyuma akaletewa Mbrazili mbele yake. Sisi tukimpa mzawa tutamwita wa muda, akishinda tutasema ni timu ya Gamondi, akipoteza tutasema tulijua. Mzawa apewe kazi Juni, apewe na usajili wake. Asipewe ndoo ya kuzimia moto Novemba.

Sasa huyu MZUNGU. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Tumeshawahi kuwa na Mzungu wa kuokota. Oktoba 2020 Krmpotić alitimuliwa saa chache baada ya kuifunga Coastal Union 3-0, hata miezi miwili hajamaliza, ligi hajapoteza hata mechi. Kabla yake Eymael aliondoka kwa matusi aliyowatukana mashabiki. Baada ya Krmpotić akaja Kaze wa Burundi, naye Machi 2021 akaonyeshwa mlango. Miaka ile tulikuwa tunajifunza majina ya makocha kama watoto wanavyojifunza meza ya kuzidisha. Kombe la ligi hatukuliona.

Halafu hesabu tangu Aprili 2021 mpaka leo. Makocha wawili tu, Nabi na Gamondi. Ubingwa mara tatu mfululizo. Wenzetu wa Msimbazi, yaani Simba, katika muda huo huo: Gomes, Pablo, Zoran, Mgunda, Robertinho, Benchikha, Mgunda tena, sasa Fadlu. Ubingwa baada ya 2021, sifuri. Robertinho wao walimfukuza kwa sababu ya zile tano alizofungwa na nani? Na Gamondi. Tuliwacheka mwaka mzima kwa kubadili makocha kila msimu wa maembe, leo tunataka kuvaa nguo zao.

Najua utanijibu kwamba Simba walichukua mara nne mfululizo kuanzia 2018, na makocha walikuwa wanabadilika vile vile: Lechantre, Aussems, Vandenbroeck, Gomes. Hapo umenibana kidogo. Ila kumbuka wakati ule Yanga ilikuwa wapi. Ilikuwa inatembeza bakuli. Zahera mwenyewe, kocha, anahimiza mashabiki wachange. Mzee wetu mstaafu wa reli, yule anayekaa kiti cha mbele bandani, alichanga kutoka kwenye pensheni yake na mpaka leo anaikumbushia kila Aziz Ki akifunga, eti "hilo bao lina mia tano yangu". Simba ile ingeweza kufundishwa na mwenye banda na bado ingechukua kombe, kwa sababu hapakuwa na wa kuiadhibu. Leo ukiyumba, Azam yupo, Simba yupo, na kama ulivyoona, hata Tabora yupo.

Na tumefungwa kivipi? Mechi nane za mwanzo za ligi tumeshinda zote, nyavu hazijaguswa, Simba akiwemo humo, Oktoba 19. Kisha Azam, beki wetu Bacca anakula nyekundu mapema, tunalala moja bila. Siku tano baadaye Tabora, Bacca yuko jukwaani, ukuta umeungwaungwa. Ni mechi mbili. Nabi alifungwa na Ihefu Novemba 2022, ndiyo mechi iliyovunja ule mfululizo wetu wa mechi 49, hatukumfukuza, na Juni tulikuwa Algiers. Gamondi naye alifungwa na Ihefu Oktoba mwaka jana, watu wakasema hafai, mwezi mmoja baadaye akampiga Simba tano. Februari akampiga Belouizdad nne kwa Mkapa tukaingia robo fainali. Mamelodi walitutoa kwa penalti tu, tena baada ya bao la Aziz Ki ambalo mimi na wewe tunajua lilivuka mstari. Sitaki kuanza hiyo, nitararua karatasi.

Nisikudanganye lakini. Kuna kitu hakiko sawa na hata mimi nakiona. Msimu uliopita tukipoteza mpira, Aucho na Mudathir walikuwa juu ya mtu kabla hajainua kichwa. Siku ya Tabora vijana wa Nyuki walikuwa wanapokea mpira, wanageuka, wanatazama, wanachagua pa kupasia. Mabeki wetu wanarudi nyuma kwa kutembea. Dube anafika langoni, anapata nafasi, anakosa, anashika kichwa. Nilimtazama Gamondi pembeni, mikono kiunoni, hapigi hata kelele, na yule Muajentina unamjua kwa kelele. Hapo nilipata wasiwasi kidogo. Kama kuna jambo limeharibika kati yake na wachezaji, sisi wa Isevya hatuwezi kulijua, na viongozi pale Jangwani wanalijua.

Kwa hiyo wakiamua aondoke, mimi sitaandamana. Ninachotaka ni kujua anayekuja ameitazama hii timu ikicheza, siyo kwenye vipande vya magoli. Awe mtu wa kuanza na ukuta. Mbele tuna Pacome, Max, Chama, Mzize, hao hata wakiamka vibaya bao litapatikana. Na awe ana moyo, maana kundi letu lina Al Hilal, MC Alger na TP Mazembe, na anayeanza kazi wiki hii atakuwa na siku chache mno za mazoezi kabla ya Ibenge kutua Dar. Akifungwa ile ya kwanza, ubao wa pale bandani utafutwa tena na majina mapya yataandikwa. Nawajua watu wangu.

Jana jioni nilipita pale, MZUNGU alikuwa amewaacha wote mbali. Nikamuuliza yule kijana wa bodaboda kwa nini Mzungu, akasema, "Kaka, huyu hatujamwona akifungwa." Hiyo ndiyo sababu pekee niliyoisikia wiki nzima iliyonifanya nikae kimya.

Niambie Kigoma wanasemaje, hasa wale wa Mashujaa, timu yenu, na yule fundi wako wa Mwanga ambaye kila tetesi anayo kabla ya redio. Kama barua hii itakufikia kocha ameshatangazwa, ujibu hivyo hivyo, nataka msimamo wako uwe kwenye maandishi ili mwezi wa tano nikuonyeshe.

Kijana akirudi mpe migebuka. Iwe imekauka vizuri, tafadhali. Ile ya mara ya mwisho ilifika Urambo tayari behewa zima linamwangalia aliyeibeba.

Ni mimi,
Mwananchi wako wa Isevya