Barua kwa mwanangu: kuhusu nahodha uliyeniulizia

Mwanangu,

Salamu kutoka Kilwa Masoko. Sisi sote wazima, bibi yako anakuombea dua. Ujumbe wako kwamba unataka kuacha chuo ukatafute kazi kwenye meli za watetezi wa nyangumi, kama nahodha Paul Watson, nimeusoma zaidi ya mara moja. Sikukemei. Nataka umjue mtu huyo mzima mzima kabla hujamfuata.

Alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1950. Juni 1975 alikuwa na mwenzake ndani ya kiboti cha mpira katika Pasifiki, amejitia kati ya meli ya Kisovieti na nyangumi. Chusa kikafyatuliwa, kikapita juu ya vichwa vyao. Anasimulia kwamba nyangumi mmoja aliyejeruhiwa aliibuka kando ya kiboti, wakatazamana. Angeweza kuwaangukia akawaua, lakini alijirudisha majini akafa. Tangu hapo Watson akajiona ana deni. Mimi namwamini. Mtu hahatarishi roho yake miaka yote hiyo kwa kutafuta sifa tu.

Mwaka 1977 aliachana na shirika la mazingira la Greenpeace kwa ugomvi, baada ya kumpokonya mwindaji wa sili, wale wanyama wa bahari za baridi, rungu lake na kulitupa baharini. Akaanzisha shirika lake la kutetea viumbe wa bahari, Sea Shepherd. Mwaka 1979 aliigonga kwa makusudi meli ya Sierra, iliyokuwa ikiua nyangumi kiharamia, karibu na pwani ya Ureno. Kisha ikaja Reykjavik, mji mkuu wa Iceland. Ulikuwa mwaka 1986, marufuku ya kimataifa ya kuvua nyangumi kibiashara ilikuwa imeanza, ila Iceland iliendelea kuwavua ikisema ni utafiti. Usiku mmoja wa Novemba watu wake waliingia bandarini, wakafungua njia za maji, meli mbili zikazama hapo hapo gatini. Ya tatu waliiacha kwa sababu ndani yake mlikuwa na mlinzi. Jambo hilo la mlinzi lina uzito kwangu. Ameharibu mali za watu, hilo halina ubishi, lakini husema kwa fahari kwamba kampeni zake hazijamuua mtu.

Sasa kumbuka kwamba wewe ni mjukuu wa mvuvi. Kelele za kupinga uwindaji wa sili zilipoifanya Ulaya ipige marufuku ngozi za sili wachanga mwaka 1983, soko la ngozi lilianguka hata kwa Wainuti, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, ambao huwinda sili wakubwa wapate chakula na mavazi. Wao hawakuwa na kosa, na walifukarishwa. Watetezi wengi hupita haraka mahali hapa. Wewe usipite haraka.

Upande wa pili, kuna mambo ambayo dunia ilikuja kumpa haki. Kwa miaka mingi Sea Shepherd waliwaandama wavua nyangumi wa Japani kule Antaktika, wakiitwa wahalifu. Machi 2014, katika kesi iliyofunguliwa na Australia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba mpango ule wa Japani haukuwa kwa ajili ya sayansi kama ilivyodaiwa. Hata hivyo Japani iliendelea kumsaka. Julai 2024 alikamatwa Nuuk, Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, meli yake ilipotia nanga kuchukua mafuta, akakaa mahabusu hadi Desemba 17, Denmark ilipokataa kumkabidhi kwa Japani. Alitimiza miaka 74 akiwa ndani, wanawe wadogo wakiwa Ufaransa. Nilipofika hapo nilikuwaza wewe.

Lakini Januari 2018 meli ya Sea Shepherd ilikuwa huku kwetu Tanzania, ikifanya doria pamoja na wanajeshi wa maji na maofisa wetu wa uvuvi. Waliikamata meli ya uvuvi Buah Naga 1, yenye bendera ya Malaysia, ikiwa na mapezi ya papa. Hapakuwa na kugongana wala kuzamisha: maofisa walipanda, wakakagua, kesi ikaenda mahakamani. Baba nakutaka kwenye kazi ya namna hiyo, ukiwa na cheti mkononi na sare ya nchi yako, ukimfuata mwenye mapezi na mwenye kuvua kwa baruti pia. Na siku utakapoona wenye mamlaka wamefumba macho makusudi, njoo nyumbani tuzungumze upya. Sitakuambia unyamaze.

Karo ya muhula ujao nimeshaitenga. Nijibu kabla hujajaza fomu yoyote.

Wako,
Baba