Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha namba tano

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Bibi yako bado analalamikia miguu lakini msikitini anafika mwenyewe, na mjomba wako karudi kutoka Pangani juzi. Wasiwasi wetu ni wewe tu uliye mbali.

Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu, na nashukuru ilikatika, maana ningekujibu kwa papara. Ulinieleza kuwa mwalimu wa michezo amesema wewe ni mfupi na mzito, huwezi kucheza namba tano, yaani beki wa kati, na kwamba wewe mwenyewe sasa unataka akuhamishie mbele, kwa sababu straika hubebwa juu juu na beki hutajwa siku aliyokosea tu. Nimekaa na maneno yako wiki nzima. Nimeona nikuandikie habari za Virgil van Dijk, yule beki wa kati Mholanzi aliyeng'ara Liverpool ya England. Najua picha yake umeibandika ndani ya mlango wa sanduku lako, lakini huyo uliyembandika ni mtu mzima mwenye kitambaa cha unahodha mkononi. Nataka umjue alipokuwa na miaka 16.

Alizaliwa Breda, kusini mwa Uholanzi, tarehe 8 Julai 1991. Baba Mholanzi, mama mwenye asili ya Suriname. Alilelewa kimpira katika akademia ya Willem II, klabu ya mji wa jirani wa Tilburg, na akiwa na umri wako hakuwa namba tano hata kidogo. Alipangwa beki wa kulia. Kocha wa timu ya akiba alimwona ana mapungufu mengi mno, hafai kupanda timu ya kwanza. Jioni alikuwa anaosha vyombo katika mgahawa pale Breda ili apate senti za mfukoni. Mimi nimefanya kazi ya jikoni hotelini kabla hujazaliwa, najua sinki la saa nne usiku likoje: sufuria zenye ukoko, maji yaliyokwisha kupoa na kufanya utando wa mafuta, kiuno kinawaka, na hakuna anayejali kama asubuhi una mazoezi. Kijana aliyesimama pale ndiye ambaye baadaye Liverpool walimlipia pauni milioni 75, bei ambayo hakuna beki aliyewahi kununuliwa kabla yake.

Mwaka 2008 alirefuka ghafla, sentimita 18 hivi, ndipo akahamishiwa katikati. Hapa nataka tuelewane, baba. Sikuahidi kwamba na wewe utarefuka. Vimo vya wajomba zako unavijua, na mwili anaugawa Mungu. Ninachotaka ukitazame ni kile alichokuwa nacho kabla mwili haujafika. Mtoto mwenye mbio akikaa pabaya hukimbia akajisahihisha, wala hakuna anayeona kosa lake. Asiye na mbio hana njia hiyo. Inabidi ajue mpira unakwenda wapi kabla haujapigwa. Mimi naamini kabisa kwamba ile miaka yake ya unyonge ndiyo iliyompa macho aliyonayo, na urefu ulikuja kukaa juu ya kitu kilichokwisha kujengwa. Wewe sasa hivi uko katika miaka hiyo hiyo.

Na hata baada ya kurefuka mambo hayakunyooka. Willem II walikuwa na matatizo ya fedha, na timu yao ya kwanza hakuichezea hata mechi moja. Aliyemwona ni mzee Martin Koeman, beki wa zamani aliyekuwa akiitafutia FC Groningen vijana. Mwaka 2010 Groningen wakamchukua bure, bila kutoa hata senti moja ya uhamisho. Groningen ni kaskazini kabisa mwa nchi, mbali na nyumbani kwao. Halafu tazama Mungu anavyopanga: Ronald Koeman, mtoto wa yule mzee, ndiye aliyemsajili Southampton ya England mwaka 2015, na ndiye aliyempa unahodha wa timu ya taifa mwaka 2018. Baba aliona, mwana akathibitisha. Kwa hiyo maneno ya mwalimu mmoja yasikukoseshe usingizi. Yapokee, fanya mazoezi anayokupa, msalimie kwa heshima asubuhi kama kawaida. Lakini mpira una macho mengi, na jicho litakalokuona huenda hata halijafika uwanjani kwenu.

Kuna jambo moja la Groningen ambalo kila nikilisoma linanishika kifuani. Mwaka 2012, akiwa na miaka 20, kidole tumbo kilimpasuka, sumu ikasambaa tumboni mpaka figo zikaingiwa. Alilala hospitali na mirija mwilini, hawezi hata kutembea. Mwenyewe amesimulia kwamba yeye na mama yake walikuwa wakimwomba Mungu, na kwamba aliletewa karatasi za kutia sahihi, namna ya wosia, ili akifa sehemu ya fedha zake zimwendee mama. Miaka 20, mwanangu! Huyo mama alimsindikiza mtoto wake kutoka Breda akiwa mzima, akaenda kukaa kando ya kitanda akizungumza naye habari za mirathi. Alipona, akaanza upya mazoezi, na mwaka uliofuata Celtic ya Scotland wakamnunua. Huko alibeba ubingwa wa ligi mara mbili katika misimu miwili.

Sasa nije kwenye hilo la makofi, maana ndilo lililoniuma zaidi.

Unakumbuka tarehe 31 Machi 2019? Ulikuwa mdogo, lakini kelele za kibanda umiza cha mtaa wa pili zilikuamsha. Liverpool na Tottenham, Anfield, uwanja wa Liverpool, bao moja kwa bao moja, dakika ya 85. Liverpool wamepanda wote kutafuta bao, mpira ukaporwa, Moussa Sissoko akatoka nao mbio, na pembeni yake Son Heung-min. Wawili kwa mmoja. Mmoja huyo ni Van Dijk, nyuma yake kipa Alisson peke yake. Ubingwa wa England ulikuwa unaning'inia pale, maana msimu ule Manchester City walikuwa hawaachi pointi.

Beki mwenye pupa angemvaa Sissoko palepale katikati ya uwanja. Sissoko angetoa pasi, Son angekuwa peke yake na kipa, na mambo yangeisha. Van Dijk hakumvaa. Alirudi nyuma kiupande upande, mwili wake ameuweka kwenye njia ya pasi, shingo inageuka kwa Sissoko, inageuka kwa Son, inarudi. Hatua fupi fupi. Alimwachia Sissoko uwanja mzima mbele yake lakini akamnyima kitu kimoja tu, ile pasi. Wakaingia kwenye boksi hivyo hivyo. Sissoko akajikuta ameshafika, hana pa kuutoa, na mpira uko mguu wa kushoto ambao si mguu wake. Hapo ndipo Van Dijk alipomwendea. Shuti likapaa juu ya mwamba. Baadaye alieleza kwamba hesabu yake ilikuwa hiyo hiyo: Son asipewe mpira, na Sissoko alazimike kupiga kwa kushoto.

Dakika ya 90 Liverpool wakapata bao, Toby Alderweireld akijifunga. Magazeti yakaandika habari za bao. Mjomba wako, ambaye hajawahi kunisifia beki yeyote, aliingia ndani akaniambia, "Dada, mechi imechezwa na mtu mmoja." Wala hakugusa mpira katika tukio lile! Hebu fikiri. Kitendo kikubwa kuliko vyote vya mechi ile kilifanywa na mtu ambaye mguu wake haukugusa kitu.

Hiyo ndiyo namba tano. Msimu ule alicheza mechi zote 38 za ligi, timu ikafungwa mabao 22 tu, ikapoteza mechi moja. Pointi 97, na bado City wakachukua ubingwa kwa pointi 98. Tarehe 1 Juni wakachukua Ligi ya Mabingwa pale Madrid, 2-0 dhidi ya Tottenham hao hao. Akapigiwa kura na wachezaji wenzake kuwa bora wa mwaka England, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nao wakamchagua mchezaji bora wa Ulaya, na kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, akapitwa na Lionel Messi kwa pointi saba tu, 686 kwa 679. Beki, baba! Ulisema beki hapigiwi makofi. Wanaojua hupiga.

Na kuna ile ya chenga. Tangu Machi 2018 mpaka Agosti 2019 hakuna aliyempita kwa chenga katika mechi 50 za Ligi Kuu mfululizo, hadi Nicolas Pépé wa Arsenal alipompita. Watu wakadhani ni nguvu. Mtazame vizuri, hamvamii mtu kwa kurusha miguu. Mara nyingi haanguki chini kabisa. Anasimama, anamwacha mwenzake achoke kufikiri. Wewe una tabia ya kuteleza mapema, nilikuona ukicheza na watoto wa Chumbageni wakati wa likizo: winga anaonyesha bega tu, wewe ushalala. Hilo halihusiani na kimo wala uzito, na ndilo la kurekebisha kwanza.

Sitakuficha mabaya yake. Agosti 2023 alitolewa kwa kadi nyekundu Newcastle baada ya kumwangusha Alexander Isak, akamtolea mwamuzi maneno, akaongezewa adhabu ya mechi moja na faini ya pauni 100,000. Hapo usimwige. Na mwaka 2022, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Argentina, yeye ndiye aliyepiga penalti ya kwanza ya Uholanzi, Emiliano Martínez akaidaka pembeni, wakatolewa. Nahodha alikwenda wa kwanza, akakosa, dunia nzima ikitazama. Miezi saba baadaye Liverpool wakampa unahodha.

Goti lake unalijua. Tarehe 17 Oktoba 2020, Goodison Park, kipa wa Everton Jordan Pickford alimgonga mapema kabisa ya mechi, kano ya ndani ya goti ikakatika. Akafanyiwa upasuaji. Miezi tisa hakucheza. Mei 2021 Uholanzi walikuwa wanakwenda Euro, mashindano makubwa ya kwanza ambayo angekuwa nahodha wao, naye akasema hapana, sitakwenda, goti halijawa tayari. Mimi naliheshimu jambo hilo kuliko vikombe vyake vingi. Kijana wa kawaida angejidunga sindano akaenda. Ndiyo maana nakusihi: ule uvimbe wa kifundo cha mguu uliousema kwa kupitapita, usiuchezee. Nenda zahanati ya shule, na kama wanakwambia pumzika wiki mbili, pumzika wiki mbili.

Alirudi Julai 2021, na wengi walisema hatakuwa yule. Februari 2024, fainali ya Kombe la Ligi Wembley, Liverpool wamejaa majeruhi, wamebaki na vitoto vya akademia uwanjani dhidi ya Chelsea. Dakika ya 118 Kostas Tsimikas akapiga kona, nahodha wa miaka 32 akaruka, kichwa, wavu. Moja bila. Kwa hiyo hata hilo la kufunga, namba tano hukatazwi, subiri kona. Aprili 2025 akatia sahihi mkataba mpya wa miaka miwili, na siku kumi baadaye wakawafunga Tottenham 5-1 wakawa mabingwa wa England kwa mara ya 20, yeye akiwa nahodha.

Sasa sikiliza ombi langu. Usihame muhula huu. Mwambie mwalimu wako kwa adabu kwamba unaomba abaki kukujaribu katikati mpaka likizo, na umuulize ni kitu gani hasa anataka uongeze. Akikwambia mbio, mwombe mazoezi ya mbio. Ukifika nyumbani na bado moyo wako uko mbele, utacheza mbele, mimi sitasema neno. Siwezi kukuchagulia namba.

Nimekutumia kwa basi la Alhamisi viatu namba 41, vilivyotumika kidogo lakini njumu zake nzima, mjomba wako alivichagua mwenyewe. Kuna na chupa ya asali kwa kifua chako, na elfu kumi ndani ya soksi ya kushoto. Mjomba wako ameshaipakua ile video ya Sissoko kwenye simu yake. Ukija likizo mtaitazama pamoja polepole, na mimi nataka uniambie shingo ya Van Dijk iligeuka mara ngapi, kwa sababu mjomba wako anasema tano na mimi nasema sita.

Bibi yako anakusalimu sana. Dada zako pia.

Ni mimi mama yako.